Volti Kumi na Mbili Nukta Mbili

Saa kumi na robo alfajiri, Tabata Kimanga,
nimezungusha ufunguo, IST ikajibu
tik, tik, tik,
kama mtu anayesonya usingizini.

Abiria wa uwanja wa ndege anapiga: "Uko wapi, kaka?"
Nikasema nakuja.
Nimekaa tu, mkono kwenye usukani,
taa za dashibodi zimefifia
rangi ya chai ya jana.

Gari la otomatiki halisukumwi.
Kitundu wa nyumba ya pili aliniambia hivyo akiwa na taulo kiunoni,
akanipa waya za kubusti na lawama, vyote bure.
Abiria alishachukua gari jingine.

Na kule juu, nyuma ya kioo, kamera yangu mpya
ya laki na themanini, Kariakoo, risiti hakuna,
ilikuwa imelala fofofo.

Niliinunua baada ya vioo vya pembeni kung'olewa
mara mbili ndani ya miezi mitatu.
Mara ya pili nilikwenda Gerezani kutafuta vingine,
nikauziwa kioo ambacho mkwaruzo wake
niliufahamu.

Nikachomoa kadi, nikautazama usiku wake wote.
Saa nne: geti.
Saa tano: geti.
Saa sita paka wa mama Nasra anapanda boneti, anajilamba, anashuka.
Saa saba manyunyu.
Saa nane na dakika kumi na tisa anatokea mtu,
moyo ukaruka,
kumbe ni mimi, kandambili miguuni,
nimetoka kuhakikisha gari lipo.
Nashika mlango. Natazama kulia, kushoto. Narudi ndani.
Saa tisa na nusu, giza.

Mwizi hakuja.
Aliyeiba ni mlinzi.

Ilala, kwa fundi Asteria, mchana.
"Nani kakufungia hii?"
"Mimi mwenyewe."
"Dairekti?"
"Dairekti."
Akacheka hadi kijana wake akachomoza kichwa chini ya Noah.
Akagusisha mita: kumi na moja nukta sita.
"Hii si betri, baba. Hii ni kumbukumbu ya betri.
Na usidhani ni usiku mmoja. Wiki nzima imenywa,
wewe unairudishia kijiko kimoja kimoja kwenye foleni ya Buguruni."

Kisha akakunjua kiboksi kidogo cheusi chenye waya tatu,
akaninyooshea mmoja mmoja, kucha zina grisi:
wa njano, fyuzi isiyolala;
mwekundu, fyuzi inayoamka na ufunguo;
mweusi, boliti ya bodi, palipokwanguliwa rangi.
"Ukizima gari, kinaendelea kuilisha kamera.
Betri ikishuka hadi kumi na mbili nukta mbili, kinakata.
Hakiulizi. Hakibembelezi."

Nikamuuliza: na kikishakata, mwizi akaja?
"Basi kaja," akasema, akiuma utepe kwa meno.
"Lakini asubuhi gari litawaka, umfuate."

Elfu thelathini na tano. Tukashushana hadi ishirini na nane,
na soda ya kijana.

Usiku ule nililala upande wa dirisha.
Kitaa cha bluu kilikuwa kinapepesa kwenye kioo,
nikakihesabu kama anayehesabu dawa za mgonjwa.
Saa nane kasoro kikazimika.
Nje kukagonga kitu.
Bati, au geti, au kisigino.
Miguu ikashuka kitandani yenyewe, ikatafuta kandambili.

Nikakaa hapo ukingoni.
Ndani yangu nami kuna kitu kinachopimika,
sijui kilikuwa kimebaki kiasi gani.
Nikairudisha miguu juu. Nikavuta shuka.

Saa kumi na robo likawaka kwa mara moja,
Kitundu akakohoa ukutani kwake kama anayepiga makofi.
Vioo vyote viwili vipo.
Cha kushoto kina kinyesi cha kunguru.