Chaki Sakafuni, Nachingwea

Mwezi wa tisa ghala la chama ni tupu,
limebaki vumbi la salfa kwenye pembe.
Katibu Nandonde alinipa ufunguo kwa masharti mawili:
nisichomelee humo ndani,
na nisimwambie mtu kwamba nachora gari.

Nachora gari. Sakafu ndiyo karatasi yangu,
na kila kitu kwa ukubwa wake,
maana kwenye daftari kila kitu kinakubali
na chuma hakijasoma daftari.

Somoe, mpwa wangu, ashika ncha ya uzi uliopakwa chaki,
mimi nauvuta, nauinua kwa vidole viwili, nauachia:
tap!
Uti wa mgongo wa kitu ambacho hakijawahi kuwepo.
Tena, kulia: tap. Tena, kushoto.
Reli mbili za fremu, bomba la inchi mbili kwa nne,
zinakwenda zikikaribiana kuelekea puani,
na nyuma pengo la gia boksi
ya Hiace iliyokata roho Ruponda.

Ekseli ya mbele ndiyo iliyoninyima usingizi.
Ni ya kilori cha Waingereza wa karanga,
jina lake limeliwa na kutu.
Niliikuta Naipanga, kizingiti cha zizi la mbuzi.
Bi Nampwapwa alitaka elfu arobaini
na kizingiti kingine.

Nikiiweka chini ya fremu, pua inapanda,
gari linafanana na lori linalotafuta mzigo.
Nikiisogeza mbele ya fremu, nje, uchi kabisa,
springi moja imelala kwa upana
kama mgeni asiyejua kitanda,
basi gari linainama, linanusa lami.
Na kingpini zilalie nyuma, digrii saba,
kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka,
ili stelingi ikitoka kwenye kona
ikumbuke yenyewe kurudi.

“Mjomba, litabeba magunia mangapi?”
Hata moja.
“Sasa la nini?”
La kwenda.
“Wapi?”
Masasi.
“Halafu?”
Kurudi.
Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu mwenye homa.

Ilibaki kupima mshazari,
kona hii hadi ile, kisha ile hadi hii.
Vipimo vikilingana fremu imenyooka,
visipolingana gari litatembea ubavu kama kaa.
Jua limezama. Nikasema, kesho.

Kesho yake korosho zikaingia.

“Samahani, fundi,” Nandonde akasema,
“karatasi yako ina kazi.”
Wakapanga chaga za mbao, juu yake magunia
mpaka kwenye kenchi.
Nilijua kila gunia limekalia nini:
lile lenye kiraka, kingpini ya kulia,
lile linalovuja, mguu wangu wa breki.
Mnada wa kwanza wakulima wakaikataa bei,
wa pili wakaikataa tena, wakiimba.
Wote walikuwa na haki,
nami peke yangu niliomba kimoyomoyo wakubali.

Subira ikanishinda. Nyumbani, kwa kumbukumbu,
nikakata kiungo cha mbele, kile kinachobeba springi.
Mkato safi. Nikauonyesha jirani,
na jirani akausifu, ingawa hajui alichosifu.

Desemba ghala likapumua.
Ndala za wapagazi zimefuta njia zote,
lakini chini ya chaga chaki ilikuwa nzima,
mbichi kama ya jana.
Nikapima mshazari. Nikapima tena.
Nikaigeuza futi kamba, nikailaumu, nikapima.
Reli ya kushoto imeingia ndani
sentimita mbili, pale mbele,
na kiungo changu kimekatwa kwa kuuamini uongo huo.

Somoe alikuwa anachora duara kwa kidole cha mguu.
“Siku ile ya uzi,” akasema, “wa kushoto,
nilipiga chafya.”
Mbona hukusema?
“Ulikuwa unafurahi.”

Nikakaa sakafuni, juu ya injini isiyokuwepo.
Sentimita mbili. Nje pikipiki ikapita
bila kumuuliza mtu mshazari wake.
Kisha nikalowesha gunia, nikafuta upande wa kushoto
kuanzia nyuma hadi puani.

Haya, shika uzi.
Piga chafya kwanza.
Zote.
Kisha shika.