Springi ya Kushoto

Ilikatika usiku, gari limesimama.
Hakuna aliyeliendesha, hakuna aliyelikalia
ila paka wa Bi Shumi juu ya boneti.
Taa! Mlio mmoja tu, kama kuni ya mkoko motoni,
na asubuhi Pijo langu limelalia ubavu
kama mtu ategaye sikio ukutani.

Ya nne hiyo, kwa miaka miwili.
Nyuma, kushoto. Nyuma, kushoto.
Vipande vya zile za kwanza ninavyo nyumbani:
kimoja huzuia mlango upepo ukivuma,
kimoja nimekitundika funguo za jikoni,
cha tatu hakina kazi, nakitazama tu,
pete moja na nusu ya chuma,
na pale ilipokatika, kutu
nyekundu kama mate ya tambuu.

Kila mtu ana dawa yake.
Shemeji yangu: Liuze.
Jirani: Ni chumvi, mji huu hula chuma kama mkate.
Kijana wa spea pale Mwembe Tayari
aliniuzia "mpya kabisa, mama";
nikaikwaruza kwa ukucha, rangi ikabanduka,
chini yake uzee mtupu.
Mimi nilikuwa nikiilaumu feri,
lile tako la gari linavyobamiza
tukishuka Likoni.
Fundi wa Changamwe alipokea elfu nne,
akanifariji: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Nikamwambia, koleo ni lako,
lakini pesa ni zangu.

Safari hii nikampelekea Chengo, kule Jomvu,
gereji isiyo na ukuta, ina kivuli cha kontena.
Hakugusa jeki. Hakuinama.
Akasema, Pakia.
Nipakie nini?
Vile upakiavyo kila alfajiri.

Nikapakia mbele yake, huku nimekasirika:
jiko na makaa kwenye buti,
kisha mlango wa nyuma, unga wa mahamri gunia mbili,
mitungi sita ya maji,
sufuria la mbaazi, mfuniko umefungwa kwa leso.
Mitungi mizito, haisukumiki hadi ng'ambo,
hubaki pale pale ilipoingilia.
Akahesabu kwa vidole vya grisi.

Na mlango wa kulia?
Haufunguki.
Tangu lini?

Tangu lini.
Tangu Athmani aliporudi kinyumenyume
akaubamiza kwenye nguzo pale Makupa,
tunagombana, sikumbuki hata kwa nini,
akashuka, akanirushia ufunguo,
akaenda zake kwa miguu na shati lake jeupe
bila kugeuka,
nami nikaapa: mlango huo asiuguse mtu,
atautengeneza aliyeubomoa.

Sikumwambia Chengo hayo.
Nilisema, Muda kidogo.

Akatia mtaimbo, akatia mafuta,
akapiga kwa kiganja mara tatu.
Tatu tu! Miaka yote ile, makofi matatu.
Ukafunguka kwa kilio,
na maganda ya njugu yakamwagika miguuni pangu,
makavu, mepesi, ya mtu aliyekuwa akila
na kuyaficha mlangoni kila nikimkemea.
Nikachukua ufagio wa gereji, nikayafagia mwenyewe.

Springi akaweka mbili, kushoto na kulia.
Hizi ni pacha, akasema,
ukibadili moja, mzigo wa nzee utamwelemea mpya.
Akanidai chini ya yule wa koleo.

Sasa napakia huku na huku.
Gari limesimama sawa, hata majirani wameona.
Mimi ndiye sijazoea: alfajiri, gizani,
na mtungi mkononi,
miguu yangu hujiendea kushoto,
husimama, hukumbuka, huzunguka.

Na usiku bado naamka, nategea mlio.
Kimya. Paka yuko juu ya boneti.
Kipande cha nne kiko dirishani,
sijakipa kazi.