Jina Kamili la Seva

Kiwanda hiki cha Gabrovo hutengeneza makufuli,
na siku ya tatu hii nimesimama nje ya mlango wake.
Mganga hajigangi.

Nilitumwa kutoka Sofia kwa basi la alfajiri
nikiwa na kompyuta moja, soksi za akiba,
na agizo la mstari mmoja: programu ya kampuni
ifunguke ndani ya kivinjari, kuanzia bohari hadi kwa mkurugenzi,
isiishi tena ndani ya ile mashine ya kijivu
chini ya meza ya mhasibu, Bwana Rusko,
ambaye huiegemezea miguu apate joto.

Joto hapa ni fedha.
Nchi nzima huwatania kwamba hukata mikia ya paka
ili paka akiingia, mlango uwahi kufungwa.

Siku ya kwanza niliamsha huduma.
Zilikuwa zimezimwa, tawi juu ya tawi,
nikazigusa mojamoja,
zikaamka kwa kununa kama watoto wa Jumatatu.
Siku ya pili, cheti.
Kivinjari kikasema hakimjui aliyetia sahihi.
Nikatia upya, nikangoja,
nikala mkate na jibini la chumvi.
Siku ya tatu, ukurasa mweupe.
Mweupe kama uwanja huo nje, theluji imekwisha kuanguka
na hakuna aliyekanyaga.

Heri kosa. Kosa lina namba,
unaweza kulikamata shati ukaliuliza limetoka wapi.
Weupe haukamatiki.

Ndipo akaja Bi Tsvetana, mtunza bohari,
na birika la chai ya majani ya mlimani,
kidole cha shahada kimejaa wino
wa miaka thelathini na moja ya kadi za karatasi.
"Umeiitaje?"
Nani?
"Hiyo seva yako. Umeiita kwa jina gani?"
Nikamwonyesha: herufi tatu na tarakimu mbili.

Alicheka mpaka miwani ikamteleza.
"Mimi posta wakiita Tsvetana, siinuki.
Tuko akina Tsvetana wanne mtaani.
Mimi ni Tsvetana Todorova Mineva:
langu, la baba, la ukoo.
Dawa zangu za presha hazinifikii kwa jina moja."

Sikumjibu. Aibu ina ladha, nayo
inafanana na chai iliyosahauliwa motoni.
Nikarudi kwenye mipangilio, nikaandika taratibu:
jina, nukta, kampuni, nukta, nchi,
kisha namba ya poti nyuma yake kama namba ya nyumba.

Weupe ukapasuka.
Kisanduku cha jina. Kisanduku cha nywila.
Bwana Rusko akavuta miguu yake,
akaitazama ile mashine ya kijivu
kama mtu anayeambiwa mpangaji wake anahama.

Nilimwomba Bi Tsvetana aingie wa kwanza.
Kwa vidole viwili, akinong'ona kila herufi,
akafika kwenye rafu yake ya kumi na tisa:
kufuli la shaba, dogo, vipande mia nne na kumi na viwili.
Akafungua kadi yake. Mia nne na kumi.
"Mmoja wetu mwongo," akasema, akachukua tochi.

Alikaa huko nusu saa. Nilimsikia akihesabu
kwa sauti, rafu baada ya rafu, kwenye baridi.
Aliporudi alikuwa na unga wa kutu begani.
Moja lipo kwenye baiskeli ya mlinzi.
Na la pili? Akaonyesha kwa kidevu
droo yake mwenyewe ya kadi, imefungwa vizuri.

"Yaandike: yanatumika."
Nikamwambia hakuna kisanduku cha hilo.
"Basi kitengeneze," akasema,
na kwa penseli, kwenye fremu ya mlango wa bohari,
akaanza kunakili anwani yote,
nukta kwa nukta,
akiniuliza kila mkwaju unainamia upande gani.