Kipimo

Goti jipya la mama kwenye eksirei
lang'aa kama kijiko cha harusi.
Mpasuaji kalisifu, kaenda zake Ganjoni.

Mimi nimeachiwa jagi.
Nasoma mistari yake kama talasimu:
mililita sitini tangu adhana ya alfajiri.
Haba, na haba yenyewe haijazi kibaba.

Kabla ya kisu walimtia jentamaisini,
bawabu wa kuzuia usaha,
na usaha haukuja, haki yake nampa,
ila bawabu kaingia hadi uani
kakanyaga mitungi ya mama, yote miwili.

Sista Kadzo aandika kreatinini kwa wino mwekundu.
Aniuliza: alikuwa na presha? Sukari?
Ndiyo. Ndiyo.
Mbona hamkuuliza juzi?

Mama anywa maji kwa kijiko,
midomo imemkauka.
"Nilitaka ngazi tu," asema,
"zile thelathini na moja za Kibokoni,
nipande bila kushikwa mkono."

Magharibi, jagini mna mia na kumi.
Nalibeba ukumbini kwa mikono miwili,
taratibu, watu wanipishe,
kana kwamba ni marashi.