Beseni la Jumanne

Maji huja Jumanne, saa nane usiku,
yakitanguliwa na kikohozi cha bomba.
Naamka mimi. Musembi hujifanya amelala,
tulikubaliana hivyo bila kusemezana.
Najaza tangi la bluu, najaza sufuria,
najaza hata birika,
na mwisho beseni lile kubwa la kufulia,
lenye ua jekundu chini lililofifishwa na sabuni.

Kwenye msumari, kando ya taulo,
inaning'inia miwani ya Wasini,
ya mpira mweusi, na mrija wa rangi ya chungwa
wenye alama za meno ya Kilonzi.
Tangu Agosti.
Kila wiki tunasema tutaiweka kabatini.

Siku ile mimi nilibaki ndani ya boti.
Nilisema, lazima mtu ashike viatu.
Nikashika jozi nne, simu mbili,
na meno ya bandia ya mama mkwe, yamefungwa leso;
zaidi ya vyote, nikashika ukingo wa boti.
Kijana wa boti alininyoshea jaketi la kuokolea,
nikamwambia sisi wa Donholm
maji tunayajua yakiwa ndani ya kitu.

Ndanu alitangulia, chubwi, kama aliyeitwa kwa jina.
Baba yake akafuata na mapezi yake miguuni,
bata aliyekosea mlango.
Kilonzi alilia, akanywa chumvi, akalia tena,
akacheka, akasahau alichokuwa akililia.

Kisha Syombua.
Mama aliyelea wanane kwa maji ya kufukua,
anayejua mchanga upi wa Mto Tyaa unaficha
na upi unadanganya,
aliyetuambia njiani, ndani ya garimoshi,
kwamba maji mengi hivyo lazima yana mwenyewe.
Alivaa miwani juu ya kilemba,
akavua kilemba, akaivaa tena,
akateremka ngazi kama anayeshuka kisimani,
akalaza uso.

Nikahesabu. Nilifika mia mbili.
Gauni la maua lilituna mgongoni
na mrija ukawa unapumua, hoo, hoo,
pumzi ya mtu ambaye hataki kuamshwa.

Alipotolewa aligombana na waliomtoa.
Umeona nini, tukamuuliza.
Alitafuta neno; lugha ya kwao haina matumbawe.
Akasema, wamevaa vizuri kuliko sisi.
Akasema, wameniangalia
kama mgeni aliyefika saa ya chakula.
Halafu akaniona mimi na viatu vyangu.
"Na wewe ulikuja kufanya nini?"
Aliuliza bila meno, swali likatoka laini,
ndiyo maana likaingia.

Alirudi Mwingi Septemba. Hupiga simu Jumapili.
Haulizi bei ya unga, haulizi shule.
Huuliza: ile miwani ipo?

Ipo, mama.

Usiku wa leo bomba limekohoa, beseni limejaa,
nami nimefunga mlango wa bafu kwa komeo.
Mpira unavuta nywele. Bado unanuka chumvi,
au ni mimi ninayetaka unuke.
Napiga magoti saruji ikinilaani,
naweka uso.

Kwanza baridi. Halafu hofu, ile ile, haijazeeka.
Halafu ua, karibu, kubwa,
jekundu nililodhani limekwisha,
na petali zinayumba kwa sababu mimi natetemeka.
Kifungo cha shati, kimebaki tangu nguo za juzi,
kinanitazama kwa matundu manne.
Na juu ya yote pumzi, hoo, hoo,
nilidhani ile sauti ilikuwa ya Syombua peke yake.

Thelathini na moja.

Musembi anagonga. "Nani humo? Mbona maji yanapita chini ya mlango?"
Siwezi kujibu, nina mrija mdomoni.
Nainua kidole, kana kwamba anaona,
subiri,
na asubuhi maji haya yatafua soksi.