Koti la Karume

Semina inaisha Alhamisi. Ijumaa, treni,
saa moja na nusu hadi Rouen,
na siku mbili ambazo hakuna aliyenituma.

Mwinjuma ametandaza ramani mezani,
kaibana kwa chupa ya chai na kopo la chumvi.
Haendi. Lakini anapanga kama aendaye:
hapa kanisa, hapa nyumba za mbao zilizoinamiana
kama wambea wa uani,
hapa saa kubwa ya mtaani, mshale mmoja tu.
"Haina dakika?"
"Haina."
"Basi hiyo saa ni ya kwetu."

Koti tulilifuata Karume.
Jua la saa saba, mimi ndani ya sufu nzito,
jasho likishuka hadi kwenye kandambili,
muuzaji akinipepea kwa kipande cha boksi:
"Dada, limekukaa. Elfu kumi na nane, tusigombane."

Mfukoni mlikuwa na risiti iliyofuliwa ikawa pamba.
Herufi tatu zimebaki, za Kifaransa, au za kokote.
Mwinjuma aliimulika kwa tochi ya simu
kama mtu anayetafuta jina lake
kwenye matokeo ya kidato cha nne.

Usiku huu umeme umekatika.
Koti linaning'inia mlangoni, mikono chini.
Lenyewe linarudi kwao; mimi nalisindikiza.

"Jumamosi asubuhi," anauliza gizani,
"chai utanywea wapi?"

Sijui. Namtungia kona moja, karibu na ile saa,
viti viwili nje.

Nasikia kalamu ikitia alama.