Chumvi Imekwisha

Otia, miaka thelathini na moja ya posta ya Kutaisi,
ulimjua mpenzi kwa mwandiko, mdai kwa bahasha.
Sasa unakula nusu ya sahani
na kulalamika nimekupunja mkate.
Naigeuza sahani. Mkate unarudi safari.

Daktari alichora ubongo nyuma ya risiti ya dawa,
akatia wino pale damu iliposhindwa kufika.
"Macho yake mazima."
Mazima! Na mlango wa kulia
unakupiga bega kila asubuhi.

Jana uliandika, mkono haukusita,
herufi zetu za mviringo zikafuatana kama bata:
*Lamara, chumvi imekwisha.*
Ukaikunja karatasi, ukaikunjua.
"Nani katuletea hii? Ni lugha gani?"

Ufunguo umekuwa "kile cha kugeuza".
Dada yako Tsiala, "yule wa kikohozi";
amenuna, haji tena.
Mimi hujaniita kitu. Nami sikuulizi.

Usiku kidole chako kinapapasa bahasha kuukuu,
kinafuata wino kama kinatafuta swichi gizani.
"La..." unasema.
"La..."
Nabana pumzi.
"Lami?"

Haya. Lami.
Nimeitika.